Chungu Kilichotoka Jasho

Mambo yaliharibika siku ya Jumamosi, tarehe 13 Machi, mwaka 2004.

Mvua ilikuwa imeinyeshea Kyela mpaka alfajiri. Barabara ya Ngana ilikuwa uji mtupu. Land Cruiser nyeupe ilikuwa inakata mbio kutoka upande wa mpakani Kasumulu, tope linaruka mpaka kwenye migomba, na nyuma yake pikipiki moja aina ya Yamaha DT ilikuwa inaifuata kama mbwa aliyenusa utumbo.

Juu ya hiyo Yamaha alikaa Hezroni Mwakibinga.

Mjasusi wa Idara ya Usalama. Mtoto wa Ikolo. Mgane.

Redio ya Motorola ikakoroma kifuani kwake.

"Ndizi, Ndizi, hapa Karafuu. Umemwona?"

"Namwona makalio."

"Makalio ya gari hayana faida, kaka. Mkamate!"

Hezroni akapunguza gia. Aliiona njia ya miguu inayoingia kwenye shamba la kokoa, ile wanayopita akina mama wakienda kwenye mpunga. Akaiingiza Yamaha humo. Matawi yakampiga usoni. Akatokea mbele ya kona, akashuka, akaitoa bastola yake ya Browning, akapiga goti kwenye tope.

Risasi moja.

Tairi la mbele likapasuka. Land Cruiser ikayumba kama mlevi wa ulanzi, ikaingia kwenye jaruba la mpunga na kuzama mpaka milangoni.

Dereva akatoka mikono juu. Alikuwa anacheka.

Kile kicheko Hezroni hakukipenda.

Akafungua mlango wa nyuma. Makasha ya kubebea chanjo, mapya, yamepangwa vizuri. Akafungua la kwanza. Barafu. La pili. Barafu. Akayamwaga yote kwenye mpunga.

Barafu tupu.

"Dawa iko wapi?"

"Dawa ipi, mzee? Mimi muuza barafu."

"Kasumulu mpaka Kyela unauza barafu?"

"Si mmesema soko huria?" Dereva akacheka tena. "Kila mtu auze anachotaka."

Hezroni akamfunga pingu kwenye usukani. Ndipo Nokia ikalia mfukoni. Namba ya Dar es Salaam. Mkuu.

"Hezroni, operesheni imefungwa."

"Mkuu, gari lilikuwa chambo. Mzigo umepita njia nyingine. Nipe leo tu..."

"Imefungwa. Panda basi la leo. Usiguse mtu."

"Nani kaifunga?"

Simu ikakatwa.

Wakubwa ndivyo walivyo. Wanakutuma ukamate nyoka, ukishashika mkia wanakuambia achia, huyo ni wa nyumbani.

Hezroni alisimama kwenye tope akiiangalia simu. Miaka kumi na minane alikuwa amefanya kazi ya hao watu. Hakuwahi kuuliza swali la pili. Walisema nenda, akaenda. Walisema nyamaza, akanyamaza. Mke wake alipolazwa waliahidi kutuma gari, na gari lenyewe mpaka leo lingali linakuja.

Akaitia Nokia mfukoni. Akawasha pikipiki.

Basi la Dar lilikuwa linasubiri stendi ya Kyela. Akalipita.

*

Mwanaheri alikuwa na duka la dawa baridi karibu na soko la Kyela. Babu yake alitoka Tanga na mzigo wa kanga, akaoa, akazikwa hapa hapa, lakini watu bado walimwita Mswahili wa pwani. Mbele aliuza dawa za mafua na chumvi ya kuoshea vidonda. Nyuma, chini ya maboksi, kulikuwa na redio ya Idara. Yeye ndiye Karafuu.

"Umekuja na tope lote la Ngana dukani kwangu," alisema. "Nyie watu wa migomba hamna mazulia kwenu?"

"Tunazo bustani. Nyie wa pwani mna mchanga na maneno."

"Na dawa. Kaa chini. Unatetemeka."

"Sitetemeki."

"Basi ni kiti kinachotetemeka." Akamwekea chai. Kisha uso wake ukabadilika. "Mkuu amenipigia na mimi. Kasema nizime redio."

"Umezima?"

"Nimemwambia ndiyo. Kuzima ni jambo lingine." Akachomoa karatasi moja inayong'aa chini ya kaunta. "Hii waliniletea jana. Wanazigawa kwa wenye maduka na kwa madaktari. Semina leo Matema, saa sita mchana, kwenye ile loji mpya. Madaktari wanatoka Mbeya, Tukuyu, Rungwe yote. Chakula, kalamu, posho, na kila daktari anarudi na zawadi ya kienyeji."

Hezroni akaichukua ile karatasi.

RAVIMEXA, iliandikwa kwa herufi za buluu. Sindano ya kisasa kwa baridi yabisi ya viungo. Rudisha mikono ya mgonjwa wako.

Chini yake picha mbili. Kabla: mikono ya mwanamke, vidole vimevimba na kupinda kama tangawizi. Baada: mikono ile ile, imenyooka, imeshika udongo.

Kwenye kidole gumba cha kushoto kulikuwa na kovu la moto, lenye umbo la samaki.

Chai ikamwagika.

"Unaijua hiyo mikono?" Mwanaheri akauliza taratibu.

"Ya Kisa. Mdogo wake Tusekile."

Mwanaheri akafuta chai kwenye kaunta. Alimjua Tusekile, mke wa Hezroni. Ni yeye aliyemkatia sanda, na kwa jinsi alivyokonda, alikata dhiraa chache kuliko anazokata kwa mtu mzima.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Tusekile aliugua baridi yabisi, ugonjwa wa ukoo wao. Kampuni moja ya nje ikaja na sindano za bure. Mwezi wa kwanza Tusekile akasuka mkeka. Mwezi wa pili akacheza kwenye harusi Ipinda. Baada ya sindano ya tatu akaanza kukohoa, na mvua za mwaka juzi zilipokatika akazikwa.

Daktari mmoja wa Mbeya, mtu mzee asiye na gari, ndiye aliyemweleza Hezroni. Hiyo dawa siyo uongo, alisema. Ni dawa kubwa. Viungo vinavimba kwa sababu askari wa mwili wamemkosea adui, wanapiga raia. Ravimexa inawalaza askari. Lakini huku kwetu wengi tuna kifua kikuu tangu utotoni, kimefungwa jela ndani ya mapafu, hakisumbui mtu. Ukiwalaza askari, na mlinzi wa jela naye analala. Kwa hiyo kabla ya kuchoma lazima upime kifua. Ukikuta mfungwa, mtibu kwanza. Na dawa yenyewe ilale kwenye ubaridi wa jokofu, isigande, isipate joto.

Watu wa kampuni hawakupima mtu. Mzigo wenyewe ulikuwa umekataliwa huko kwao, wakaubandika lebo mpya na kuupitishia ziwani. Na aliyekuwa anauuza kwa madaktari, mzungu mmoja jina lake Brandt, alikuwa na kibali kutoka juu.

Juu wapi, hakuna aliyemwambia Hezroni.

"Kisa ndiye aliyemuuguza Tusekile," alisema. "Amelala naye kitanda kimoja mpaka mwisho."

"Basi hicho kifua anacho."

"Anacho."

"Na leo watamchoma mbele ya madaktari," Mwanaheri akasema. "Ili wote wakachome kwao Jumatatu." Akafungua friji ya chanjo, akaifunga bila kutoa kitu. Mikono ilitaka kazi tu. "Nenda. Mimi nitakuletea polisi."

"Mkuu amewafungia polisi."

"Mkuu yuko Dar. Polisi wa Kyela nawajua mimi." Akampa kalamu moja ya buluu, yenye jina la Ravimexa. "Shika. Nimeifungua tumboni, nikaweka kile kinasa sauti chako. Bonyeza kichwa. Na Hezroni..."

"Nini?"

"Usife. Una deni la chai."

*

Yamaha iliimeza njia. Ikolo, alikozaliwa, aliipita bila kupunguza mwendo, maana kaburi la Tusekile lilikuwa palepale kando ya barabara, kwenye migomba ya baba mkwe, na angesimama, asingeondoka. Ipinda. Daraja la Lufilyo, maji mekundu yamejaa mpaka kwenye mbao. Kisha milima ya Livingstone ikasimama mbele yake kama ukuta, na chini ya ukuta ziwa.

Kila Jumamosi kuna soko la Lyulilo, hatua chache kutoka Matema. Wanawake wa Kikisi wanakuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, alikoolewa Kisa, vyungu vimepangwa kwa nyasi mpaka mtumbwi unakaribia kunywa maji. Utaratibu wao hauandikwi popote lakini kila mtu anaujua. Chungu hakiguswi kikiwa majini. Kikishashuka, mnunuzi anakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chungu kizima kinalia kama kengele ndogo. Chungu chenye ufa kinalia kama kikohozi.

Polisi wa forodha wenyewe hawagusi. Nani atachimbua mzigo wa mama mfinyanzi na kumvunjia wiki nzima ya kazi?

Brandt alikuwa amelijua hilo.

Lakini kuna kitu alikuwa hakijui.

Hezroni alitembea katikati ya vyungu akimtafuta Kisa, kofia imeshuka usoni. Jua lilikuwa limetoka kali. Vyungu vyote vilikuwa vikavu, vyekundu, vimetoka motoni jana.

Isipokuwa kundi moja, pale mwisho, chini ya turubai.

Vile vilikuwa vinatoka jasho.

Matone yalikuwa yanatiririka ubavuni, taratibu, na mchanga chini yake umelowa. Chungu kipya cha kuuza hakibebi maji. Kikitoka jasho, tumboni mna baridi.

Nyuma ya vile vyungu alikaa Kisa.

"Ugonile, Kisa."

"Ena. Ugonile, shemeji." Hakuinua macho.

Hezroni akachuchumaa. Akagonga chungu kilichokuwa kikavu. Kikalia. Akagonga chenye jasho.

Dup.

"Hiki kimekufa sauti."

"Kina maji."

"Tangu lini Mkisi akauza chungu na maji yake?"

"Mimi siyo Mkisi. Nimeolewa tu huko. Ondoka, shemeji, watakuona."

"Umeanza kukohoa lini?"

Kisa akanyoosha mikono yake mbele ya uso wa Hezroni, akaikunja ngumi, akaikunjua. Akaikunja, akaikunjua. Kama mtu anayemwonyesha mtoto mchezo.

"Umeiona? Mwaka jana nilikuwa nalishwa kama kifaranga. Mume akaniambia hakuoa kisiki. Nilikuwa najikojolea, shemeji, kwa sababu siwezi kufungua fundo la kanga. Leo nafinyanga. Hivi vyungu vyote ni vya mikono hii. Wakaniambia tuwekee mzigo wetu humo, sisi tutakuchoma bure. Nikatae?"

"Tusekile naye alisuka mkeka."

"Dada aliumwa kifua. Kifua ni kifua, viungo ni viungo. Daktari Angetile kaniambia mwenyewe."

"Leo ni sindano yako ya ngapi?"

"Ya tatu. Ya tatu inamaliza ugonjwa."

"Ilimmaliza dada yako."

Kisa akamtazama sasa. Macho ya Tusekile yale yale, na chini yake ule uwekundu wa homa ya jioni ambao Hezroni aliuona nyumbani kwake miezi kadhaa akadhani ni uchovu.

"Wewe ulikuwa wapi?" Kisa akauliza, sauti ya chini kabisa. "Mimi ndiye nilimwosha. Wewe ulikuwa kazini kwa wakubwa wako. Leo ndiyo umekuja na huruma?"

Hezroni akavitazama vyungu.

Angeweza kuvivunja pale pale. Browning ilikuwa mgongoni, mguu mmoja ungetosha. Lakini mwanaume kumvunjia mwanamke vyungu sokoni, mbele ya wenzake, kabla havijauzwa, ni sawa na kumpiga teke la tumbo akiwa mjamzito. Soko zima lingemrukia. Na Kisa angechomwa tu kesho, mahali pengine.

Vijana wa loji wakaja na machela, wakaanza kubeba vyungu. Kisa akainuka akawafuata.

Hezroni akashuka ufukweni kwanza. Boti ya Brandt ilikuwa imefungwa pale, nyeupe, injini ya Yamaha ya nguvu, kamba moja kwenye jiwe. Aliinama kwenye injini kama mtu anayefunga kiatu. Alipoinuka, mfuko wake ulikuwa mzito kidogo.

Kisha akapanda mpaka kwenye machela ya mwisho, akachukua chungu begani, akaingia lojini na wabebaji.

*

Ukumbi ulikuwa na feni na harufu ya kuku wa kukaanga. Madaktari walijaa, shingoni wamevaa vitambulisho vyenye jina la dawa badala ya majina yao. Kila mmoja mkoba mpya. Kila mmoja kalamu ya buluu. Vyungu vilipangwa juu ya meza ndefu, kila kimoja kimefungwa utepe.

Zawadi ya kienyeji.

Nani atamsimamisha daktari njiani amkague chungu alichopewa kama zawadi?

Brandt alisimama mbele, suti ya kitani, simu ya Thuraya ya setilaiti mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha diwani. Pembeni yake alikaa Daktari Angetile, mstaafu, ambaye mikoa yote ya nyanda za juu ilimwamini.

Hezroni alisimama ukutani na chungu chake. Akabonyeza kalamu.

"Wapendwa," Brandt alisema, "mtasikia maneno kwamba lazima mpime kifua kabla. Sawa. Pimeni. Mkipima kila mtu huku, mtabaki na mgonjwa gani? Maduka mangapi yatafungwa? Mgonjwa anataka kupona leo. Mpeni leo."

"Na akipata homa?" akauliza daktari mmoja kijana.

"Panadol."

Wakacheka. Kuku akaletwa.

Kitu kigumu kikagusa mbavu za Hezroni.

"Weka chungu chini, mzee," mlinzi akanong'ona. "Polepole. Kisivunjike."

Mkono ukaichomoa Browning mgongoni kwake. Brandt akainua macho, akatabasamu kama mwenye nyumba aliyepata mgeni.

"Bwana Hezroni! Mimi niliambiwa uko kwenye basi."

"Nani kakuambia?"

"Watu wanaokupenda." Akageukia madaktari. "Huyu ndugu alifiwa na mke. Ana uchungu. Tumsamehe. Kaa, Bwana Hezroni, uone dawa inavyofanya kazi. Mama Kisa, karibu."

Kisa akaingia. Kanga mpya, amejipaka mafuta. Akanyoosha mikono, akaikunja, akaikunjua. Makofi yakapigwa. Daktari Angetile akavunja kichupa, akavuta dawa, akapangusa mkono wake kwa pamba.

Kisa akakohoa.

Mara moja tu, kwenye pindo la kanga. Akalitazama pindo, akalikunja haraka.

Ila Hezroni aliliona lile doa.

Hakupiga kelele. Mdomo wa bastola ulikuwa ubavuni. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Kisa. Siku ile ulipomwosha, ulimgeuza na nani?"

"Peke yangu," Kisa akasema.

"Peke yako uliwezaje? Tusekile alikuwa mwanamke mkubwa."

"Alikuwa mwepesi." Akaangalia mikono yake. "Alikuwa mwepesi kama pakacha."

"Mambo ya msiba siyo hapa," Brandt akasema. "Daktari, endelea."

Sindano ikasogea. Kisa akaushika mkono wa daktari. Vidole vyake vilikuwa na nguvu sasa. Nguvu ya kufinyanga.

"Daktari Angetile. Baba. Dada yangu alichomwa hii hii?"

"Mwanangu, kila dawa ina..."

"Nimekuuliza kwa Kiswahili. Hii hii?"

Daktari akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vipya.

"Na mlijua?"

Feni ilizunguka. Hakuna aliyetafuna.

Kisa akautoa mkono wake. Akaenda kwenye meza, akachukua chungu kimoja chenye utepe, akakiinua mpaka sikioni, akakigonga.

Dup.

"Kimekufa sauti," alisema.

Akakiachia.

Chungu kikapasuka kwenye saruji kama risasi. Vigae, barafu, vichupa vidogo vikatawanyika chini ya viti vya madaktari. Kabla mtu hajasema neno alikuwa ameshika cha pili. Akakiachia. Cha tatu. Vyungu vyake mwenyewe, kazi ya mikono ile ile iliyoponywa, alivisukuma mezani huku analia na kukohoa, na hakuna mwanaume ukumbini aliyethubutu kumgusa.

Mlinzi akageuza bastola kumwelekea.

Hilo ndilo kosa.

Kiwiko cha Hezroni kikaingia kooni mwake. Mkono ukashika kifundo, ukazungusha, mfupa ukalia. Browning ikarudi nyumbani. Risasi moja ikapiga feni, feni ikaanguka kwenye sinia la kuku.

"Wote chini!"

Wakalala. Isipokuwa Brandt. Brandt alikuwa ameshapita dirishani.

Alikimbia vizuri kwa mtu wa suti. Akaruka kwenye boti, akakata kamba kwa kisu, akabonyeza swichi.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akavuta kamba ya dharura. Akavuta. Akavuta.

Hezroni alikuwa anakuja ufukweni, anatembea, hakimbii. Alifika maji yakiwa magotini. Akafungua kiganja.

Plagi zote za injini zilikuwa humo.

"Hii biashara ya soko huria, Bwana Brandt," alisema. "Vipuri ni ghali."

Brandt akakaa chini ndani ya boti. Akaanza kucheka, kile kile kicheko cha dereva wa Ngana.

"Utanifunga kwa lipi? Nina kibali. Wiki ijayo niko nyumbani. Wewe utakuwa wapi?"

Thuraya ikalia mkononi mwake.

Hezroni akaichukua. Akaibonyeza, akaisogeza kwenye ile kalamu ya buluu.

"Brandt?" Sauti ya Kiswahili. Sauti nzito, ya mtu aliyetoka kula. "Vipi, wameshachomwa? Yule kijana wangu nimeshampandisha basi, usiwe na wasiwasi."

Mawimbi yaligonga boti.

"Bado hajapanda, Mkuu," Hezroni akasema. "Yuko Matema. Amelowa kidogo."

Simu haikukatwa haraka. Alisikia pumzi. Pumzi ndefu ya mtu anayehesabu marafiki zake. Kisha ikakatwa.

*

Mwanaheri alifika na gari la polisi, amekaa mbele na kitambaa kichwani kama mama mkwe.

"Uliwaambia nini?" Hezroni akauliza.

"Niliwaambia kuna semina, kuku wa bure." Akatazama ukumbi. "Hawajui kama wamekuja kukamata. Waache wale kwanza, kisha tuwaeleze."

Brandt akatiwa pingu. Daktari Angetile alikuta mlango wa gari uko wazi, akaingia mwenyewe, hakungoja kuambiwa. Wale wengine walianza kutawanyika. Kuna walioruka ukuta wa nyuma, watu wazima na vyeti vyao, kalamu za bure zingali mfukoni. Yule daktari kijana peke yake alibaki amepiga magoti sakafuni, anaokota vichupa vilivyovunjika kimoja kimoja kwa pamba, asije mtu akakanyaga.

Kalamu ya Hezroni ilikuwa mfukoni pia. Ndani yake sauti mbili. Ya Brandt ilikuwa rahisi. Hiyo nyingine aliifikiria. Aipeleke kwa nani? Juu ya Mkuu kuna mkuu, na juu yake kuna mwingine, na wote wanakula sehemu moja. Akampa Mwanaheri.

"Weka pamoja na dawa za mafua," alisema. "Nikifa kabla ya kukulipa chai, mpe mwandishi wa gazeti."

"Ukifa nitakufuata huko huko nidai."

Kisa alikuwa amekaa kwenye ngazi za loji, vigae vimemzunguka. Hezroni akachuchumaa mbele yake kama sokoni.

"Kesho Mwanaheri atakupeleka ukapimwe makohozi. Ukikutwa nacho, vidonge ni bure. Ni vingi na vina kichefuchefu, lakini utavimeza mpaka mwisho. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Utapona kifua."

"Ndaga, shemeji," akashukuru.

Hezroni akainuka, akakung'uta tope la suruali, akaenda kwenye Yamaha yake taratibu, kofia usoni. Nyuma yake ziwa lilikuwa shwari, Brandt anatukana kwa lugha yake ndani ya gari la polisi, na soko la Lyulilo limerudi kwenye bei zake. Akapiga kiki. Injini ikaitika mara ya kwanza. Akaweka gia.

"Shemeji!"

Akageuza kichwa.

Kisa alikuwa amesimama. Mikono yote miwili ilikuwa juu, viganja vimefunguka, vidole vimenyooka, na hata kutoka pale Hezroni aliliona lile kovu lenye umbo la samaki.

"Kifua mtanitibu, nimeelewa," alisema. "Na hii, mwezi ujao ikijifunga tena, nani ataifungua?"